Nimewavisha Wanasesere Mtandio wa Mkwe Wangu

Shangazi mpendwa, nisaidie, na kama utaichapa barua hii tafadhali usitaje mtaa wetu, maana hapa wote wananiita Fundi na wote wananisifu, na hizo sifa ndizo zinazonichoma.

Mimi ni mshonaji, cherehani yangu iko kwenye kona ya sebule, na mwanangu wa pekee ameoa msichana kutoka ile nchi ya mbali ambayo vita vyake tunaviona kila taarifa ya habari, binti mpole, ananiita mama, tunaishi naye humu humu. Vita vilipoanza, Shangazi, usingizi uliniruka, nikiwaona wale watoto wanavyotolewa kwenye vifusi mikono inaniwasha, basi nikaanza kuokota mabaki ya vitambaa na kushona wanasesere, kila mtoto niliyemwona kwenye televisheni namshonea wake, namjaza pamba, namvisha gauni, nampanga juu ya kabati, na kweli nikishona moyo unatulia. Jirani mmoja akaja kuona, akaleta wenzake, ikawa watu wanaingia wananishika mkono, "pole sana Fundi, una moyo wa kipekee wewe," nami napokea pole, nafuta machozi, na anayetuletea chai kwenye sinia ni mkwe wangu, na hakuna aliyempa yeye pole, hata mimi. Nilikuwa naogopa. Ningemwambia nini? Nikimwona macho yamevimba nakimbilia cherehani yangu kama panya anayetafuta tundu.

Sasa sikia balaa. Kwangu nguo ya kurekebisha huning'inizwa kwenye mgongo wa kiti, kilichomo kwenye kapu ni mabaki, huo ndio utaratibu wangu na wateja wote wanaujua, ila yeye sikuwahi kumwambia. Alikuwa na mtandio wa kijani aliopewa na mama yake siku ya kuagana, kumbe alikuwa analala nao, mimi sikuwahi hata kuuona, ukingo ukafumuka, hakutaka kunisumbua nikiwa na wateja, akaukunja akauweka kwenye kapu. Nikasema kitambaa laini hivi kimetoka wapi, nikatia mkasi.

Kesho yake akaniuliza, "Mama, hujauona mtandio wangu? Niliuweka kwenye kapu ili unipindie ukingo." Wanasesere walikuwa pale pale kabatini nyuma yake, wameuvaa. Nikasema, "Sijauona, mwanangu, labda umesahau ulipouweka." Na kama hiyo haitoshi nikamsaidia kutafuta! Nikainama uvunguni, nikakung'uta mashuka, mtu mzima mimi, huku najua. Siku mbili tatu baadaye ndipo nikapata ujasiri wa kuwavua, vile vigauni nikavificha kwenye droo ya cherehani.

Mkwe wangu hautafuti tena mtandio. Anaitikia salamu, basi. Mwanangu anasema mkewe anataka wahame na sababu hasemi, na mimi nikimpoteza huyu binti nimewapoteza wote wawili. Na mwalimu mkuu wa shule ya jirani anataka wanasesere wakaonyeshwe ukumbini, eti nitoe hotuba kuhusu huruma! Nimefikiria kununua mtandio unaofanana nimwambie nimeuokota. Nifanyeje? Naona aibu hata kujitazama kwenye kioo.

Fundi

*

Fundi, pole. Nimeanza na pole kwa sababu naona unazipenda.

Kushona si kosa. Mikono ikipata kazi kichwa kinapumua, na wale watoto naamini umewalilia kwa dhati. Hata kuukata mtandio ni bahati mbaya, ungeniandikia hilo tu ningekutetea. Lakini kuinama uvunguni kutafuta kitu ulichokikata mwenyewe? Hapo sina la kusema, mama. Watoto wa kwenye televisheni hawakuulizi chochote, ndiyo maana ukawashonea wao. Huyu wa jikoni kwako angekuuliza.

Na usijidanganye, anajua. Mtu analala na kitambaa chake, halafu aweke sinia mbele ya kabati asikitambue? Ameacha kutafuta kwa sababu ameshaona. Anakungoja useme mwenyewe, nawe unawaza kwenda dukani kununua uongo mwingine! Jamani!

Sasa nisikilize. Leo hii zima hiyo televisheni, toa vigauni vyote kwenye droo pamoja na vipande vilivyobaki, umpelekee mkononi. Sema, "Niliukata mimi, na nikakudanganya mimi." Ishia hapo, usiongeze "lakini." Wala usitangulie kulia, maana utamlazimisha akubembeleze, na chai aliyokuhudumia inatosha. Sindano usiiguse mpaka aseme yeye. Akitaka viungwe, utaviunga. Akitaka vibaki vipande, vibaki. Akitaka kuhama, msaidie kufunga mizigo na umwambie mlango uko wazi. Mwalimu mkuu mwambie hapana, na usimweleze kwa urefu, usije ukasifiwa kwa hilo nalo.

Kuna jambo moja zaidi. Barua yako nimeirudia kuisoma nikitafuta kitu. Umenieleza rangi ya mtandio, ulaini wake, ukingo ulivyofumuka. Hukuniambia kama mama aliyeutoa yu hai. Hukusahau, Fundi. Hujui. Inuka ukamuulize.