Kilomita Tisa za Mwisho

Guangzhou,
14 Septemba 2008

Shikamoo baba,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti limepunguza kukusumbua. Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Anayekuletea ni Alphonce wa Sanya Juu, yule anayenunua nguo hapa sokoni Kangle. Mpe chai, amekonda huku.

Baba, nina jambo. Masomo ya udaktari wa mifugo nimeyamaliza Juni, na ufadhili ukaishia hapo hapo. Sasa nafanya kazi kwenye mazizi ya farasi nje ya mji, kwa Bwana Liang. Huku China bosi anaitwa laoban, nami namwita hivyo. Ameahidi kunidhamini nipate kibali cha kazi. Bila saini yake sina pa kusimama, maana tangu Olimpiki polisi wanakagua pasipoti mpaka mlangoni mwa kanisa. Yangu iko ofisini kwao ikiongezewa muda; natembea na stakabadhi yao.

Laoban ana farasi jike wa kijivu wa miaka mitano, kaletwa kutoka nyanda za kaskazini. Ana miezi saba tu tangu azoezwe tandiko. Anataka nimpeleke kwenye mbio za kilomita arobaini tarehe 23 Novemba. Aliniuliza, "Unaweza?" Nikasema naweza, baba yangu alikuwa saisi, mtunza farasi, miaka thelathini. Nilipofika chumbani ndipo nikakumbuka kwamba aliyekuwa saisi ni wewe, si mimi. Nimepanda farasi tangu utotoni, lakini sijampeleka yeyote mbali hivyo, tena asiyejua kitu. Huyu anashtuka hata mfuko wa nailoni ukipeperuka. Niambie nifanyeje.

Mwanao,
Felisia

*

Ngare Nairobi,
19 Oktoba 2008

Mwanangu Felisia,

Marahaba, mama. Goti lipo, halijafa wala halijapona. Mama yako anakusalimu, anauliza kama unakula ugali. Alphonce alikunywa vikombe vinne.

Nakujibu polepole maana mkono umekuwa mzito. Farasi mgeni wa safari hajui kujiwekea akiba. Akiona wenzake wanaondoka atatoa nguvu zote asubuhi ile ile, si kwa kuwa anazo nyingi, ila anaogopa kuachwa. Kwa hiyo ondoka wa mwisho. Vumbi litulie, ale majani kidogo, ndipo upande. Nenda matiti, ule mwendo wa mchakamchaka, usimwache aende shoti. Kwenye mteremko shuka utembee naye. Kila penye maji simama, hata kama hanywi. Vuta ngozi ya shingo uiachie. Isiporudi upesi, maji yamemwishia mwilini na mbio zimekwisha, hata kama mwisho unauona kwa macho.

Sasa nikuambie neno ambalo mama yako analijua, ila ninyi watoto hamkulijua. Niliwaambia kwamba Pilipili, yule jike mwekundu wa Mgiriki mwenye shamba, aliumwa na nyoka. Hapakuwa na nyoka. Ilikuwa 1969, mbio zake za kwanza, kutoka shambani hadi Ol Molog na kurudi. Tulikuwa wa tatu. Mgiriki akaja na Land Rover pembeni yetu akapiga kelele, "Kimbiza, Yohane!" Pumzi ya Pilipili ilikuwa imebadilika. Niliisikia, mama, niliisikia vizuri kabisa, nikamkimbiza. Tulishinda. Pilipili alianguka akafa tandiko likiwa bado mgongoni. Mgiriki alinipa blanketi jipya, nami nikalipokea.

Hili ni rahisi kuliandika kuliko kulisema.

Baba yako,
Yohane

*

Guangzhou,
2 Desemba 2008

Shikamoo baba,

Mimi ni mzima, na nyote nawaombea uzima. Mwambie mama huku ni wali. Ugali naupata Jumapili kwa Wakenya. Sikukukasirikia. Niliiweka barua yako chini ya mto siku mbili tu, kisha nikaisoma tena.

Tuliondoka wa mwisho kama ulivyosema. Jike alilia, akazunguka, nusura anirushe, nikamwacha ale majani. Kufika kilomita ya ishirini alikuwa ameshaelewa kazi: masikio mbele, mwendo mmoja. Daktari wa farasi kwenye kituo cha mapumziko akampima moyo akaridhika. Tukawapita farasi saba bila kushindana na mtu.

Kilomita ya thelathini na moja njia inakata barabara kubwa. Polisi wawili walikuwa wanakagua wageni kwenye basi, wakaniona. Nikatoa stakabadhi. Yule mkubwa akasema karatasi haitoshi, twende kituoni.

Nikamwambia, "Afande, nitakwenda. Lakini farasi huyu ana joto, akisimama ghafla misuli itakakamaa. Pigeni simu ofisini kwenu, mimi nimtembeze hapa hapa mkiniona."

Mdogo akacheka. Mkubwa akamtazama jike, akasema kwao kijijini walikuwa na punda. Akapiga simu. Tulizunguka pale saa nzima, yule mdogo akinifuata nyuma na ndoo ya maji. Mwishowe wakanirudishia karatasi yangu.

Zilibaki kilomita tisa, na dakika ishirini na tano kabla ya muda kwisha. Laoban akapiga simu. Alikuwa na wageni kutoka Hong Kong waliokuja kumnunua jike.

"Mkimbize! Ana nguvu huyo!"

Baba, nguvu alikuwa nazo kweli, na hilo ndilo lililonisumbua. Angekwenda shoti mpaka mwisho bila kuambiwa mara mbili. Nikavuta ngozi ya shingo. Ilirudi, lakini polepole.

"Hapana, laoban."

"Basi usiniletee karatasi yoyote ya kutia saini."

Nikazima simu. Tukaenda matiti ya polepole, na kilomita mbili za mwisho nikashuka tukatembea. Tulifika watu wanakunja mahema. Daktari peke yake alikuwa anatungoja. Baada ya dakika kumi moyo ulikuwa umetulia, mapigo hamsini na mbili kwa dakika, na jike anatafuna majani. Laoban hakunitazama.

Ruhusa yangu ya kukaa inaisha tarehe 31 Machi. Sijamwomba laoban radhi, na sidhani nitamwomba. Lakini naogopa kurudi mikono mitupu. Niambie neno.

Mwanao,
Felisia

*

Ngare Nairobi,
8 Machi 2009

Mwanangu Felisia,

Sisi hatujambo. Usidhani nilinyamaza. Barua yako ya Desemba imenifikia jana. Alphonce alikamatwa huko huko akiwa nayo begini, akawekwa ndani wiki tano kwa sababu ya viza, kisha akazuiliwa tena siku nyingi kabla ya kurudishwa. Alikuja hapa kwa miguu kutoka barabarani, kabla hata hajafika kwake. Akasema, "Mzee, samahani, imekunjika."

Mama yako aliisoma kwa sauti. Alipofika pale kwenye simu ya bosi wako nilimwambia anyamaze kidogo, nikatoka nje. Sijui kama nimekusaidia au nimekuponza. Nimelifikiria tangu jana na bado sijui. Ninalojua ni kwamba jike yule amesimama kwa miguu yake minne, na wewe ulisikia ukamzuia, nami nilisikia nikamkimbiza wangu.

Usingoje kufukuzwa, mama, rudi. Hapa daktari wa mifugo wa karibu yuko mwendo wa nusu siku, na akija anakuja amechelewa. Watu watauliza umeleta nini kutoka China. Waache waulize, mimi nipo.

Barua hii naituma kwa posta na sijui itafika lini. Ukiipata, piga simu dukani kwa Jemimah useme siku ya kufika tu, wataniita. Nitakuja uwanja wa ndege wa KIA na koti. Mvua zimeanza mapema mwaka huu.

Baba yako,
Yohane