Nafungua Plagi Anazofunga Baba Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana jambo hili nimelibeba tangu mwaka jana na sasa limenielemea, mume wangu nikimweleza anasema "nyie wawili mnajuana" halafu anarudi kwenye rangi yake, na mtu mwingine wa kumwambia sina, kwa sababu kila ninayemfahamu anamfahamu baba mkwe wangu.

Mimi ni fundi magari, mwanamke wa miaka thelathini na minne. Chuo cha ufundi nilisoma miaka miwili lakini ukweli ni kwamba ufundi nimefundishwa na baba mkwe kwenye gereji yake, sakafu ya zege yenye bati upande mmoja, na upande wa pili mume wangu anapiga rangi milango na bodi. Huyu mzee hakuwahi hata siku moja kuniambia kazi hii si ya mwanamke, siku ya kwanza alinipa ovaroli yake ya zamani akasema, "Kunja miguu ya suruali, mikono utaikunja ukishapata kazi," na kila ninachokijua kuhusu injini ya petroli, kuanzia kuisikiliza hadi kuifungua, nimekitoa kwake, ndiyo maana ninachokifanya kinanichoma.

Tunaye mteja tunamwita Mzito, ana lori la petroli la kuvuta magari yaliyoharibika njiani, na mwaka jana alilifungia supachaja, yaani ile pampu inayosindilia hewa ndani ya injini ili iongezeke nguvu, kwa sababu barabara yake ina mlima mrefu na lori lilikuwa linaishiwa pumzi likiwa na gari jingine nyuma. Supachaja ilikuja na karatasi ya maelekezo, na karatasi inasema wazi kwamba ukishaifunga, plagi za zamani, zile zinazowasha petroli kwa cheche, hazifai tena, uweke zinazopoteza joto upesi, sisi tunaziita plagi baridi, la sivyo plagi inapata moto mpaka inawasha petroli kabla ya wakati na pistoni inatoboka, na ule mwanya wa kurukia cheche uupunguze hadi pointi saba ya milimita, kwa sababu hewa ikisindiliwa cheche haiwezi kuvuka mwanya mpana.

Baba mkwe anapima mwanya kwa sarafu. Ni sarafu ya zamani ambayo haipokelewi tena dukani, aliachiwa na fundi aliyemfundisha, ukingo wake umelika kwa kuingia na kutoka kwenye plagi, na kwa injini za kawaida haijawahi kumwangusha, nimeipima kwa siri ni milimita moja na ushee kidogo. Nikamwambia, "Baba, karatasi inasema pointi saba." Akaniuliza, "Karatasi imewahi kufungua injini?" Mzito akacheka, mume wangu akacheka kule kwenye rangi, na mimi nikacheka, na nadhani hapo ndipo nilipokosea, maana ukishacheka huwezi tena kulirudia neno lako. Karatasi ikawekwa chini ya chupa ya chai.

Akafunga plagi zile zile za siku zote kwa mwanya wa sarafu, lori likafika mlimani likaanza kumisi, silinda hii inakosa moto, mara ile, likarudi limevutwa na lori jingine. Baba akasema ni petroli chafu. Tukasafisha tangi. Likarudi tena. Akasema ni koili, zile zinazopelekea plagi umeme, akabadilisha mbili. Siku ya tatu nilinunua plagi baridi nane dukani, nikazipima mwanya kwa kipimo chenyewe, na baba alipokwenda kula nikazitoa zake nikafunga zangu, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Lori likapanda mlima na basi dogo nyuma. Mzito alikuja mwenyewe kushukuru. "Mzee, mkono wako una dawa," alisema, na baba akajibu, "Mkono haudanganyi. Wanaodanganya ni ninyi na petroli zenu za vidumu." Mimi nilikuwa nafuta spana.

Tangu hapo nimefanya hivyo mara tatu kwa jumla na mtindo ni ule ule, asubuhi baba anafunga, anawasha injini aisikilize, anaiacha ingurume nusu saa, anazima, ananawa, anakwenda kula, na Mzito anakuja saa nane, kwa hiyo nina kama saa moja na nusu na injini bado inaunguza, nina makovu kwenye viganja ambayo nimemwambia mama mkwe ni ya jiko. Nyuzi za plagi, ile mikato yake kama ya skrubu, nazipaka grisi ziingie haraka, nakaza kwa spana ya kupimia nguvu kama karatasi inavyotaka, na zile za baba natia kwenye mkoba naondoka nazo. Mara ya mwisho, wiki mbili zilizopita, plagi ya tano iligoma, ikatoka inalia na imebeba vipande vinavyometameta, lakini mpya iliingia, mwishoni ikawa inazunguka zunguka kidogo halafu ikakaa.

Sasa Mzito amenunua lori la pili, nalo lina supachaja, na Jumamosi baba anakwenda kulifungia plagi kwenye uwanja wa Mzito, Jumapili linaingia kazini. Nilimwuliza, "Nije nikushikie taa, Baba?" Akasema, "Baki na gereji, mwanangu. Huko wananitaka mimi." Alikuwa anapiga viatu rangi, mshauri, baba mkwe wangu hapigi viatu rangi, na uelewe kwamba siku hizi wateja wakifika getini wanauliza "yule dada yupo?" na yeye yupo pale pale anasikia, kwa hiyo safari hii ya Jumamosi kwake ni kubwa kuliko plagi nane. Nikimwambia namvunja. Nikinyamaza lori litamkatikia dereva mlimani na gari jingine likining'inia nyuma. Nimefikiria nimwombe Mzito amwambie baba kwamba ameshapata fundi mwingine. Nimefikiria hata kuhama gereji. Nifanye nini?

Mkaza mwana

*

Dada fundi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili niliisoma kwa sauti, kwenye simu, nikimsomea fundi wa injini ninayemwamini, kwa sababu mimi kazi yangu ni kuuliza na kuandika, plagi sizijui. Kuhusu plagi baridi alisema uko sahihi. Kuhusu mwanya, sahihi. Nilipofika kwenye plagi ya tano alinikatiza. "Rudia hapo," akasema. Nikarudia. Akaniuliza kama lori hilo bado linatembea.

Nakueleza alichonieleza, ingawa naamini nusu yake unaijua. Karibu kila injini ya namna hiyo kichwa chake, pale plagi zinapofungwa, ni cha aluminiamu, laini, na plagi ni chuma. Ukiifungua ikiwa ya moto, plagi hutoka na nyuzi za tundu lake. Vile vipande vilivyometameta ni kichwa cha injini ya Mzito. Halafu grisi: nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi ni ya nyuzi kavu, ukizipaka grisi, spana inakwambia tayari wakati plagi imeshakazwa kupita kiasi. Na plagi inayozunguka mwishoni haijakaa. Imejishikiza kwenye nyuzi chache zilizobaki, na injini inaisukuma itoke kila inapopanda mlima.

Kwa hiyo, dada, hali ilivyo leo ni hii. Unaogopa baba mkwe ataharibu lori la Jumamosi, na una haki ya kuogopa. Lakini lori ambalo tayari limeharibika umeliharibu wewe. Si kwa ujinga. Ulifanya kazi sahihi katika saa mbaya, kwa sababu katika saa nzuri ungeonekana.

Sasa nikwambie jambo ambalo hukuniomba. Nilipiga ile namba uliyoandika chini ya barua. Alipokea mwanamume mtu mzima, akasema uko chini ya gari. Sikujitambulisha. Akaniuliza kama gari langu lina tatizo, nikamwambia sina gari. "Basi ukinunua njoo," akasema, "utamkuta mkwe wangu. Huyo anajua." Nikashukuru, nikakata.

Siandiki haya ili kukufariji. Hayathibitishi kwamba anajua unachokifanya mchana, na sitajifanya nimeyasoma mawazo yake kwa dakika moja ya simu. Naandika kwa sababu barua yako nzima imesimama juu ya mzee asiyeweza kupokea neno kutoka kwako, na mtu niliyezungumza naye hakuwa huyo. Mara ya mwisho ulipomwambia jambo mbele ya mteja alikujibu kwa mzaha. Ni mzee gani angejibu vingine mbele ya mteja? Hukumrudia faragha. Uliruka moja kwa moja kutoka kwenye kicheko hadi kwenye mkoba.

Na hapo ndipo ninapokukemea. Umeandika kwamba alisafisha tangi, akabadilisha koili mbili. Huyo ni fundi anayetafuta. Pengine siku ya nne angeinua chupa ya chai akaisoma karatasi. Wewe ukamnyima hiyo siku ya nne, ukampa sifa badala yake, na sasa sifa hizo ndizo zinazompeleka Jumamosi peke yake. Nakuelewa, ulimpenda na ulimwonea haya. Heshima ya namna hii, hata hivyo, imemwacha mtu mzima bila habari za kazi yake mwenyewe kwa mwaka mzima.

Usimtume Mzito aseme uongo, uongo mlio nao gerejini unatosha. Usihame. Na usianze na sarafu wala karatasi. Anza na plagi ya tano. Mkiwa wawili, sema hivi: "Baba, nilifungua injini ya Mzito ikiwa ya moto. Nyuzi za tundu la tano zimekatika. Naomba unisaidie." Hayo ni maneno ya fundi kwa fundi na kila neno ni kweli. Atakuuliza uliifungulia nini. Hapo mwambie yote, mara zote tatu, na plagi zake za siku hiyo zitoe kwenye mkoba uziweke mezani. Usitafute maneno laini. Atakasirika, na ana haki. Mwache akasirike, usijitetee, na usiondoke hapo mpaka amalize.

Akishamaliza, mpigieni Mzito pamoja. Lori lisipande mlima tena mpaka tundu hilo likaguliwe na kuwekewa nyuzi mpya za chuma, na matundu mengine saba yakaguliwe pia, maana uliyafungua kwa namna ile ile. Mzito atapiga kelele. Avumiliwe, lori ni lake.

Kuhusu Jumamosi, lengo lako si kumzuia asiende. Lengo ni aende na plagi baridi, mwanya uliopimwa kwa kipimo, nyuzi kavu, plagi zianze kuingizwa kwa vidole kabla ya spana, injini ikiwa imelala usiku kucha. Akikuambia twende wote, nenda. Akikuambia ubaki, baki, ilimradi amekubali kipimo. Asipokubali, mpigie Mzito wewe mwenyewe umwambie plagi zipi na mwanya upi, na umwambie baba mkwe kwamba umepiga. Usimfiche hata hilo. Ukwe una heshima zake, lakini dereva aliye katikati ya mlima na gari la watu nyuma hayumo katika ukwe wenu.

Mumeo naye asiseme tena mnajuana. Aweke rangi chini, aje akae. Ni baba yake.

Baada ya kuzungumza na yule fundi nilikutumia ujumbe wenye maneno mawili: zuia lori. Sikupata jibu, na gazeti hili linafika mitaani Alhamisi asubuhi. Kama ujumbe uliuona ukanyamaza, acha kunyamaza. Kama ndiyo kwanza unasoma, baba mkwe wako yuko hatua chache kutoka ulipokaa. Mwite.