Fidla ya Harusi na Bakuli la Siagi

Busawe, Jumamosi usiku, 1975

Wengi hukosea: fidla ikififia sauti, huipaka siagi kama ngozi ya litungu, kinanda chetu cha nyuzi. Yangu, kazi ya fundi Mmarekani wa karne iliyopita, haikuhitaji mafuta. Tulipohamia kijiji cha ujamaa, mkokoteni uliirusharusha, na kijiti kinachosimama ndani yake kubeba sauti kikaanguka. Nami nilimwahidi mjukuu wangu kuipiga kwenye harusi yake kesho. Niliogopa kweli.

Leo jioni nimekisimamisha tena kile kijiti kwa waya niliopitisha kwenye tundu la fidla. Ikalia! Mke wangu akaja mbio na bakuli la siagi.

“Mzee, inalia kama ndama! Niipake kidogo?”

“Mama Chacha, huyu ndama ana miaka mia!”

Tumecheka mpaka machozi. Lakini namjua huyu mama...

Kabla ya kulala, lazima nifiche siagi.