Tovuti ya kwaya imeniumbua mbele ya mama mkwe

Ndugu yangu, nimeumbuka! Mama mkwe kaja kusikia sauti ya marehemu binti yake. Namfungulia tovuti ya kwaya aliyokuwa akiimbia, badala ya mke wangu inatokea kamari na mwanamke kavaa chupi!

Chupi! Mbele ya mkwe!

Akauliza, "Baba, ndiye uliyemuoa baada ya mwanangu?"

Nikampigia mwenyekiti wa kwaya. Eti wahuni wa mtandaoni wameingia na kufuta nyimbo zote, kwa kuwa programu ya tovuti ilichakaa. Kila ikimwomba aisasishe, bwana mkubwa anabonyeza "Baadaye".

"Mzee, ilikuwa inafanya kazi, niiguse ya nini?"

Tai shingoni, kichwani maji! Na sauti ile sina kwingine.

Mama mkwe bado kakaa sebuleni. Anauliza kama wimbo umekaribia.