Ndege wa Karatasi na Mlango wa Momanyi

Jumapili. Ikonge yetu hapa Nyamira imeshinda na ukungu, ule mzito ambao ukiukamua kama nguo unajaza ndoo. Nimekaa mlangoni kwangu na simu mkononi, na roho iko chini kabisa. Mke wangu Bosibori aliamka mapema akaenda Tabaka pamoja na dada yangu, kumsihi mke wa mtoto wetu arudi nyumbani na mjukuu. Mimi sikuchukuliwa. Ningeenda kufanya nini, na ni mimi wanayemkimbia?

Mnaosoma hapa mnanijua. Mimi ndiye mtu wa karatasi. Shule niliiacha darasa la sita, lakini hakuna mwenye digrii katika Nyamira nzima anayeweza kukata waridi kutoka kwa mfuko wa saruji, likakaa kama limechumwa leo. Kuna harusi moja nilipeleka maua yangu, nyuki wakayaacha yale ya kweli aliyoshika bibi harusi, wakatua kwangu. Mchungaji alinyamaza katikati ya maneno akangoja wamalize. Anayebisha aulize nyuki.

Na lile daftari langu la kubandika mmeliona hapa kwa picha. Kila siku ina ukurasa wake na kipande chake: karatasi ya peremende, unyoya wa kuku wa Bosibori, rangi niliyokoroga kwa chai ya rangi iliyolala, halafu maneno mawili matatu pembeni. Nilianza baada ya kumwona mama mmoja wa ng'ambo akifanya hivyo kwenye simu. Nikasema, huyu ana mikono miwili na mimi ninayo miwili. Juma halikuisha kabla sijampita.

Leo mikono hiyo nimeikalia.

Wacha nieleze kwa wale wasiotoka kwetu. Mtoto wako wa kiume akioa na kujenga, nyumba yake huingii. Hata kama ni wewe uliyenunua mabati. Unaita ukiwa nje, unaongea ukiwa nje, na kitanda chake hukioni mpaka unakufa. Mke wake naye anakupa heshima yako vivyo hivyo. Hiyo ndiyo tunaita chinsoni. Vijana wengine wa mjini wanaicheka. Hapa kwetu haichekwi.

Nyumba ya Momanyi, mtoto wangu, iko ng'ambo tu ya kamba ya kuanikia nguo. Mke wake anaitwa Kwamboka, binti wa mchonga mawe kutoka Tabaka. Nitaandika ukweli: katika boma hili lote, yeye ndiye wa kwanza kuona kwamba karatasi zangu ni kazi. Bosibori aliona takataka. Momanyi aliniletea mifuko ya saruji kutoka duka la vifaa vya ujenzi anakofanya kazi, lakini alileta kama mtu anayemletea mzee tumbaku. Kwamboka alikuwa akimaliza unga, anaipasua pakiti taratibu kwenye mshono, anaikunjua, anaipangusa, anaiweka chini ya jiwe kwenye kizingiti chake. Halafu ananiita kwa mbali, uso ameuelekeza upande mwingine kama inavyotakiwa: "Tata, pakiti yako iko hapo." Huku kwetu tata ni baba. Na aliniita hivyo kama mtoto niliyemzaa mwenyewe.

Alipojifungua Nyanchama, msichana mwenye jina la mama yangu, nilimtengenezea ndege. Ndege wa kuning'inia juu ya kitanda, wa karatasi nyembamba, mabawa nimeyakata unyoya kwa unyoya. Nilimwachia kwenye kizingiti, chini ya lile jiwe. Kwamboka akawaning'iniza. Kila siku alinipa habari zao akiwa anaanika nguo. "Tata, wanazunguka mtoto akipiga chafya." "Tata, yule mwekundu anafuata dirisha." Nilikuwa nakwenda mezani nikiwa nimeshiba.

Lakini fundi ni mtu wa macho. Nilitaka kuwaona. Hilo nimelificha siku hizi tatu nikisingizia mvua, na hapa sitaficha.

Alhamisi ilikuja mvua ya mawe na upepo. Bosibori alikuwa shambani akichuma majani ya chai peke yake, kwa sababu nilimwambia gundi haiwezi kungoja. Gundi haiwezi kungoja! Maneno hayo nimeyasema katika nyumba hii mara nyingi kuliko sala. Nikachungulia, nikaona dirisha la chumba cha kulala cha Momanyi limefunguka, linapigwa na upepo. Nikawaza ndege wangu. Nilidhani Kwamboka yuko sokoni. Nikakimbia. Sandali zake zilikuwa hapo mlangoni, na niliziruka.

Niliziruka kabisa, kama mtu anayeruka kidimbwi.

Alikuwa amelala na mtoto, leso imemshuka. Sitaandika zaidi ya hapo. Hakupiga kelele. Alivuta leso akajifunika mpaka kichwani, yeye na mtoto wote, na nikabaki nimesimama mbele ya kilima cha nguo kinachotetemeka. Na nitasema jambo la aibu zaidi: kabla ya kutoka, niliinua macho nikawatazama ndege. Walikuwa wakizunguka vizuri sana.

Nilirudi kwangu. Mtu mwenye akili angemtafuta mke wake shambani amwambie yaliyotokea. Mimi nilikaa mezani nikachukua mkasi. Mkono ulinisikiza jioni ile kuliko siku zote, ukurasa ukatoka mzuri ajabu. Nilisikia hatua zikipita nje, nikasikia mtoto akinung'unika mgongoni. Nikataka kuinuka. Lakini vidole vyangu vilikuwa vimebana pembe mbili zenye gundi mbichi, na ningeachilia zingejikunja. Nikasema, anaenda dukani, atarudi. Zilipokauka nilitoka. Njia ilikuwa tupu.

Momanyi alirudi kutoka kazini akakuta mlango umefungwa kwa kamba. Alimpigia mke wake simu, kisha akaja akasimama karibu na migomba. Hakunikaribia.

"Tata, kulikuwa na moto?"

"Hapana."

"Mtoto alilia?"

"Hapana, hakulia."

"Basi ulifuata nini mle ndani?"

Nikamwambia dirisha lilikuwa wazi, na ndege wangelowa.

"Wangelowa," akasema. "Karatasi, tata. Karatasi ingelowa."

Bosibori naye hakupandisha sauti, na hiyo kwake ni hatari. Alikuwa akikamua maji kwenye sketi. "Karatasi zako zimekula meza yangu, tukawa tunakula magotini kama wageni wa matanga. Zimekula siku zangu za kuchuma. Sasa zimekula mtoto. Uniambie zikishiba."

Hata hivyo jambo lilikuwa bado lina dawa. Dada yangu alikuja usiku huohuo akatuliza watu. Alisema mambo ya chinsoni yanatengenezwa kimyakimya: atatafutwa mbuzi, watakaa kina mama wawili watatu wenye umri, yatasemwa ya kusemwa, na Kwamboka atarudi kabla majirani hawajauliza. Akaninyooshea kidole. "Kazi yako wewe ni moja tu. Funga mdomo."

Kazi moja tu.

Ijumaa nilipeleka majani kwenye kituo cha kununulia chai. Wanaume walikuwa kwenye foleni ya mizani, na nilipofika walinyamaza kidogo. Pengine walikuwa wakiongea habari za mpira. Pengine walinyamaza kwa sababu ya baridi. Mimi nikaona wamejua. Nikaogopa. Na mimi nikiogopa huwa natoa hadithi, hivyo ndivyo nilivyoumbwa. Tangu nikiwa mdogo nimekuwa nikiwachekesha watu kabla hawajanicheka.

Nikawaambia upepo wa Alhamisi haukuwa upepo wa kawaida. Nikawaambia ulininyanyua kutoka mlangoni kwangu na mkasi mkononi, ukanipitisha juu ya migomba, nikasalimiana na mwewe, ukanizungusha kwenye bomba la moshi la kiwanda cha chai, halafu ukanirudisha ukanisukuma ndani ya dirisha la mtoto wangu mpaka pua yangu ikagonga kitanda. Mmoja akauliza, "Na mwenye kitanda?" Nami, Mungu anisamehe, nikajibu. Nilijibu kwa maneno ya kuchekesha. Walicheka mpaka karani wa mizani akasahau uzito akaanza upya.

Nilirudi nyumbani nikijiona nimeokoka. Kweli kabisa, nilitembea nikipiga mluzi.

Mmoja wa waliocheka ana shemeji anayebeba mawe kule Tabaka. Jumamosi asubuhi hadithi yangu ilikuwa imeshafika kwenye machimbo, na waliipokea kwa vicheko, kila mmoja akiongeza lake. Ilimkuta baba yake Kwamboka ameketi na wenzake, anachonga sanamu ya kiboko. Wanasema aliweka patasi chini, akafunga vifaa vyake kwenye gunia, akaenda nyumbani bila kumuaga mtu.

Kwa hiyo ndipo tulipo. Nimengoja tangu asubuhi. Sijagusa gundi.

Wamerudi.

Bosibori ameingia, amekaa, ameomba maji ya kunawa miguu. Dada yangu ndiye aliyeongea. Walipokelewa vizuri, wakapewa uji na viazi. Baba yake Kwamboka hakutokea. Mama yake alitokea, akasikiliza mpaka mwisho, akasema mwenye neno ni binti yake mwenyewe. Kwamboka akatoka akiwa amembeba mtoto, akawasalimu kwa adabu zote. Halafu akasema maneno ambayo dada yangu ameyarudia kwangu mara mbili, akihakikisha nimesikia.

"Kwa kuingia, sina neno na tata. Ningeficha uso siku chache, kina mama wangetukalisha, tungeendelea. Lakini pale kituoni kila mwanaume sasa ameshaniona kitandani. Nitasimama vipi kwenye ile foleni na kikapu?"

Nikauliza kama walimwambia kuhusu mbuzi.

"Mbuzi ni wa mlango," dada yangu akasema. "Mbuzi wa mdomo wako tutamtoa wapi?"

Basi imeamuliwa hivi. Kwamboka atarudi kwa mume wake, lakini si katika boma hili. Momanyi atapanga chumba Nyamira mjini karibu na kazi. Bosibori anaweza kwenda kuwaona wakati wowote, mlango uko wazi. Kwangu mimi, chumba cha kupanga nacho ni nyumba ya mtoto wangu. Kuna watu watasema mjini hakuna chinsoni, piga hodi uingie. Mtu mwingine labda. Mimi si mtu wa kusema hivyo tena. Na Nyanchama ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Mpaka awe wa kutumwa kwa babu peke yake, atakuwa ananijua kwa jina tu.

Bosibori alimaliza kunawa miguu akaingia jikoni. Nikasimama mbele ya meza. Nikachukua gunia nikakusanya karatasi zote, mifuko ya saruji, pakiti, kalenda za zamani, mabaki ya mabaki, nikazipeleka stoo pamoja na daftari. Sikuchoma kitu. Sitadanganya hapa kwamba nimeacha, kwa sababu najijua, mikono itaniwasha. Lakini itakuwa ni stoo, na itakuwa baada ya majani kuchumwa, na mtu akiniita nitaachilia pembe zijikunje.

Nilipopangusa meza nikaona ni kubwa. Sikujua ni kubwa hivyo. Bosibori ameweka sahani zetu mbili hapo, tumekula tukitazamana. Yeye amelia kidogo alipofika kwa mboga. Nimemsogezea chumvi, sijui kwa nini.

Kesho Momanyi analeta pikapu. Kwamboka atakuja na mtoto kufunga vyombo vyake mwenyewe, kwa sharti kwamba mimi nisiwepo uani. Ni haki yake. Majirani ndio watakaobeba, kiti kwa kiti, mpaka kitanda. Nitashuka shamba la chini kabisa, kule karibu na mto, nichume nikiwa nimewapa mgongo. Kutoka kule gari likiwashwa linasikika.

Bosibori amesema akishawaaga atanifuata na kikapu chake. Sijui nitamwambia nini akifika. Pengine nitamuuliza tu Nyanchama alikuwa amevaa nini.