Tahadhari ya Upepo Iliyobaki kwenye Seva

Shoga, Faridi wangu kaua watu. Sijui niandikeje.

Mwanakombo, unaukumbuka ule ukurasa wa hali ya ziwa anaowatengenezea wavuvi wa Kibirizi? Juzi aliongeza kichujio kwenye seva, ati kuupunguza uzito ufunguke haraka. Data inapita vipande vipande, kichujio kinashika cha mwisho mpaka kipate alama kwamba imeisha.

Yeye akakiandika kingoje alama ije peke yake, kwenye kipande kitupu. Alipojaribu ikaja hivyohivyo, akashangilia. Leo imekuja imebandikwa kwenye kipande chenye maneno. Kichujio hakikuiona! Kinangoja tu, na tahadhari ya leo imo tumboni mwake.

Jioni hii mjomba wake, Abdulatif, kapiga kutoka mwaloni, yumo mtumbwini na wavuvi wenzake, injini inanguruma. "Faridi, mbona kiduara kinazunguka tu? Ya jana naiona, ya leo siioni. Twende?"

Na huyu mwanaume akajibu, "Kingekuwepo kitu ungekiona, mjomba. Nendeni."

Nendeni! Nilikuwa namkaangia mihogo, nimesikia kwa masikio yangu. Nendeni.

Ameshakirekebisha. Ukurasa unafunguka wote, tena upesi: upepo mkali wa kusini, mtu asiingie ziwani.

Simu ya mjomba haipatikani. Bati la jirani linapigapiga.

Sasa hivi mama mkwe kapiga kutoka Ujiji. "Mwanangu, kaka yangu aliliona tangazo?"

Faridi akamwambia, "Lilikuwepo, mama." Akakata simu.