Medali Yangu na Namba ya Alphonse

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Medali! Mimi! Barua imetoka Kinshasa na muhuri mkubwa: medali ya taifa kwa wanaojitolea kuwahudumia askari wa zamani. Nimeisoma mara tatu nimesimama, mwiko mkononi, bugali ukaungua. Wazee wangu kumi na mmoja wamekula ukoko. Aliyelalamika ni Norbert tu, na Norbert hulalamika hata akishiba.

Aibu moja: jina ni langu peke yangu. Adolphine tulianza naye siku moja, miaka saba sasa, kuwaosha, kuwapikia, kuwafunga vidonda. Nimemwonyesha barua, amecheka.

"Mama Vainqueur, mi sitake medali. Mi naosha babu za batu. Labda kule kuko mutu anaosha wangu."

Wake ni Néhémie, mumewe, aliyekwenda vitani 1999 na asirudi. Miaka mitano iliyopita bureau, ofisi ya jeshi, ilimwambia Adolphine namba ya mumewe bado iko kwenye orodha ya walio hai. Wapi, hawakusema. Adolphine anaishi kwa neno hilo.

Jumatano, 6 Novemba

Kinshasa wanataka namba za wazee upya. Siku ya sherehe ya medali kila mmoja ataitwa kwa jina, ajibu "Présent!", yaani yupo. Kazi ipo! Norbert amenipa mwaka wa ubatizo wake. Lakini Alphonse — mguu mmoja, ameshika mlango, amesimama wima, ameitoa namba yake kwa pumzi moja. Nimempigia makofi. Huyu ndiye askari!

Jumanne, 12 Novemba

Orodha imerudi imechapwa. Mbele ya namba ya Alphonse hakuna Alphonse. Kuna Néhémie Wilondja.

Mume wa Adolphine!

Nilidhani mashine imekosea. Nimemfuata Alphonse na karatasi. Hakuitazama hata kidogo.

"Mi sikukuwa asikari, mama. Balinikamata ku soko, balinibebesha kisanduku. Namba ilikuwa juu ya kisanduku."

Aliiona kila jioni walipotua mizigo. Mwenye kisanduku alitembea mbele yake. Bomu la ardhini lilimuua yule palepale, likachukua mguu wa huyu. Hospitalini walitibu askari tu. Wakamwuliza namba, akawapa aliyoijua. Na jina la mwenye kisanduku je? Hakulijua mpaka nilipomsomea leo. "Tulimuitaka Chef tu, mukubwa."

Nimekaa chini, udongoni, na kitenge changu safi.

Jumatano, 13 Novemba

Orodha ya kwanza ya wazee aliiandika nani? Mimi! Miaka sita iliyopita, kwa mkono wangu, namba hii ya Alphonse ikiwemo. Bureau inasoma namba, haisomi majina. Mwaka uliofuata Adolphine akaambiwa mumewe yuko hai, nasi tukacheza kwenye tope kama wasichana. Mimi ndiye niliyemfufua Néhémie, kwa kalamu! Mungu wangu.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimemkuta Adolphine anapiga pasi kitenge cha sherehe ya kesho. Anasema atamkamata mkubwa atakayekuja kutoka Kinshasa: "Ataniambia bwana yangu iko fasi gani." Nikafungua mdomo. Mdomo ukasema pasi imepata moto mno, itaunguza nguo.

Najichukia.

Jumamosi, 16 Novemba

Asubuhi nilimwomba yule mkubwa alifute lile jina. Akasema orodha imeshasainiwa, tutaona baada ya sherehe. Ukumbini akaanza kuita majina ya wazee.

"Néhémie Wilondja!"

Adolphine alisimama. Akageukia mlangoni. Alikuwa anatabasamu! Jina likarudiwa. Ndipo Alphonse akasema, polepole:

"Hayuko. Alishakufa. Mi ndiye nilibebaka kisanduku yake."

Adolphine hakulia. Alimtazama Alphonse, akanitazama mimi, akaniona usoni.

"We ulijua tangu siku gani?"

Jumanne, nikasema.

Akahesabu kwenye vidole. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Vidole vinne, akaviinua mbele ya uso wangu. Wakati huohuo kipaza sauti kikaniita nikavalishwe medali. Na nikaenda! Miguu ilikwenda yenyewe. Watu wakapiga makofi.

Sasa ni saa nane mchana. Niko jikoni kwa wazee, maharage yako motoni. Medali bado iko kifuani, sijui inafunguliwaje. Uani wako wawili. Adolphine amemkalisha Alphonse kwenye mkeka, kila Alphonse akimaliza kusimulia anamwambia aanze tena. Nasikia anauliza: mulimuzika fasi gani? Alphonse anasema hawakumzika. Walikimbia.

Halafu ananiita. Hasemi Mama Vainqueur. Jina langu, ambalo hajawahi kulitumia tangu tujuane.

"Alida! Leta moto hapa inje. Kilio ya bwana yangu inaanza leo."

Ameita tena. Nimeshafunga daftari hili mara mbili ili ninyanyuke. Bado nimekaa, naona aibu kumtazama.